Mtoto Mfupi: Je, Dawa ni Sindano?

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa kikundi hapa Utange, mama mmoja alinivuta kando. Kijana wake yuko na miaka saba, lakini watoto wa miaka mitano wanalingana naye. Amesikia kuna sindano ya kurefusha watoto, na yuko tayari kuuza mbuzi wake wawili. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mama. Tumpime."

Sindano hiyo ipo kweli. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi, inaitwa pituitari. Tezi hii hutoa homoni ya ukuaji. Homoni huliamrisha ini litoe homoni nyingine ya kurefusha mifupa. Pia hujenga misuli na kuyeyusha mafuta mwilini. Watoto wachache tezi yao haitoi ya kutosha, na hao sindano huwasaidia sana. Lakini si sindano moja! Kwa kawaida hudungwa kila siku, kwa miaka, mpaka mifupa iache kukua. Dawa hukaa kwenye friji na bei yake ni kali. Tena yaweza kupandisha sukari ya damu, kwa hivyo lazima daktari afuatilie.

Wako pia watoto ambao tezi ya shingoni imelegea. Hao hukua polepole, huchoka, husikia baridi na hupata choo kigumu. Wao hutibiwa kwa vidonge.

Lakini wengi wa watoto wetu shida yao ni nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba Kenya nzima, watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Kilifi ni 37. Sababu kubwa ni lishe duni na maradhi ya kila mara, kama kuhara. Mtoto mwenye utapiamlo mkali homoni ya ukuaji anayo, hata nyingi, lakini ini haliitikii. Fundi yuko kazini, matofali hakuna. Ukimdunga sindano, unaongeza mafundi tu.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Pimeni urefu kila miezi sita, muandike na tarehe. Kuanzia miaka minne mpaka kabla ya kubalehe, mtoto huongeza kama sentimita 5 kwa mwaka. Akipungukiwa na 4, apelekwe kliniki na kitabu chake.
2. Dagaa, kunde, mayai na mboga visikose, na chumvi iwe yenye madini ya joto. Wakati muhimu zaidi ni tangu mimba mpaka miaka miwili.
3. Msinunue dawa za kurefusha kwa wachuuzi.

Yule kijana tulimpima. Kwa vile amepungua sana, mama hakungoja miezi sita, amempeleka kliniki achunguzwe damu. Mbuzi bado wako nyumbani, na mmoja anakamuliwa.