Kifasiri na Kikalimani: Istilahi Mbili na Hifadhi ya Historia

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri na walimu wa somo la kompyuta ni zile zitajazo programu ambazo kazi yake ni kuiwezesha mashine kutekeleza maagizo yaliyoandikwa na mwanadamu. Programu hizo ni za aina mbili, na ni rahisi kuziita zote "mtafsiri". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuzichanganya si kosa la maneno tu, bali kwaweza kutupotezea kumbukumbu.

Tuchukue mifano kutoka Wilaya ya Kilosa. Mgeni afikaye Mikumi, penye Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, aweza kupewa kijitabu kilichokwisha kufasiriwa. Mfasiri hayupo, lakini kazi yake yasomeka. Sasa tuseme mjini Kilosa pana baraza la kuwasuluhisha wakulima na wafugaji, na mzee mmoja wa Kimasai hajui Kiswahili. Huyo atahitaji mkalimani, ambaye husikiliza sentensi moja, akaieleza, kisha akangoja ya pili. Mkalimani akiondoka, mazungumzo hukatika.

Ndivyo zilivyo programu hizi:

(a) Kifasiri huyageuza maagizo yote kwa mara moja kuwa lugha ya mashine. Kazi ikiisha, matokeo hutumika bila ya kifasiri chenyewe.

(b) Kikalimani huchukua agizo moja moja na kulitekeleza papo hapo. Agizo likirudiwa mara 100, hulishughulikia mara 100. Kwa hiyo hufanya kazi polepole zaidi, lakini mwanafunzi huliona kosa lake mara moja.

Tumependelea kiambishi ki- kwa kuwa hutaja chombo, kama katika "kikokotoo". Yawezekana msomaji akahofia kwamba ki- hudunisha pia. Tunaona kwamba muktadha utaondoa shaka hiyo, na kwamba kuwaachia wanadamu majina ya mfasiri na mkalimani ni faida.

Historia ya vikalimani ilianza mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, John McCarthy aliieleza lugha ya LISP kwa kanuni za kihisabati. Steve Russell akaiandika kanuni mojawapo katika lugha ya mashine ya IBM 704, na kikalimani cha LISP kikapatikana. Mwaka 1975 Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff walitunga kikalimani cha BASIC kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Altair. Mwaka 2025 Gates aliyatoa hadharani maagizo yake ya asili. Yalisomeka baada ya miaka 50 kwa sababu yalikuwa yamechapwa karatasini.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Programu iliyopitia kwenye kifasiri yaweza kuishi bila ya kifasiri hicho. Programu itegemeayo kikalimani, kikalimani kikipotea, hubaki maandishi matupu. Aidha, katika kompyuta ndogo nyingi za miaka ya 1980 kikalimani cha BASIC kiliwekwa ndani ya chipu ya mashine yenyewe. Kuitupa mashine ni kukitupa kikalimani.

Kwetu Tanzania masalio ya namna hii si mengi. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, nyakati zile zile kompyuta ndogo zilipoanza kuenea ng'ambo. Kilichosalia kina thamani zaidi kwa uchache wake.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 huzihesabu kuwa kumbukumbu habari zilizohifadhiwa kwa njia yoyote. Basi karani, awe Kilosa au Mikumi, anapoorodhesha vifaa vikuukuu, yafaa aandike programu iliyomo, lugha yake, kama yategemea kikalimani, na kikalimani hicho ki wapi: katika diski, tepi au chipu. Vitabu vya maelezo visitenganishwe na mashine. Orodha isemayo "kompyuta mbovu, moja" haitamjulisha mwanahistoria lolote.

Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni.