Kasoro Inayoilainisha Chumvi

Kiangazi kinapokaza, maji ya Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, hupungua na kuacha gamba jeupe la chumvi. Wenyeji huikusanya kwa chakula na mifugo. Punje ya chumvi ina fumbo lililowasumbua wanafizikia kwa miaka mingi: kwa nini fuwele hushindwa na nguvu ndogo kiasi kile?

Fuwele ya chumvi ya mezani imejengwa kwa ioni za sodiamu na kloridi zinazopokezana nafasi, safu juu ya safu. Mwaka 1926 Yakov Frenkel, mwanafizikia Mrusi, alikokotoa nguvu ya kutelezesha safu nzima juu ya nyingine kwa mkupuo mmoja. Jibu lake lilizidi mara elfu na zaidi nguvu inayopimwa maabara.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1934 kutoka kwa watu watatu, kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Safu haitelezi yote kwa pamoja. Ndani ya fuwele mna mistari ya kasoro iitwayo dislokesheni, ambako safu moja imekomea njiani. Mstari huo husogea kidogokidogo, kama jongoo anyanyuaye miguu kwa zamu, na ukishavuka fuwele, upande mmoja umehama.

Ukigonga chumvi ya mawe kwa kisu, hupasuka kufuata nyuso za mchemraba. Ukiiminya polepole ikiwa ya moto, huteleza kwa mshazari, maana huko ioni za chaji moja hazisukumani sana.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Gilman na William Johnston walizifuatilia kasoro hizi katika floraidi ya lithi, chumvi ya jamii hiyohiyo. Kemikali ilichimba vishimo pale mstari ulipotokeza juu, na vishimo vikaonyesha ulikotoka na ulikofika.

Metali nazo hutii kanuni hiyo. Mhunzi wa Kidatoga anapogonga shaba nyeupe kutengeneza bangili, dislokesheni huzaliana na kukwamana, na shaba hukakamaa. Akiirudisha motoni, nyingi hutoweka, nayo hulainika tena. Fuwele isiyo na kasoro isingekubali nyundo yake. Mwanafunzi wa Katesh au Mbulu anayefundishwa kwamba mata ni safu zilizonyooka afundishwe pia kuhusu mistari hii iliyokatika, kwani ndiyo inayotuwezesha kufua jembe, kisu na bangili.