Mama Aliyepasuliwa Mgongo Arudi Lini Shambani?

Mwaka 1996 kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa askari, Bear Grylls, aliruka kutoka ndegeni nchini Zambia, kwa majirani zetu wa kusini. Mwavuli wake haukufunguka sawasawa, akaanguka na kuvunjika pingili tatu za uti wa mgongo. Alipona bila kupasuliwa, na Mei 1998 alisimama kwenye kilele cha mlima Everest. Baadaye alirudia hata kuruka kwa mwavuli.

Watu hukisimulia kisa hicho kwa kusifu ushujaa. Sisi akina mama wa Kakese tunaona jambo jingine ndani yake. Kijana yule alitunzwa na jeshi kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kupona. Hakuna aliyemwuliza maji yako wapi.

Mwenzetu anayerudi nyumbani na kovu mgongoni huulizwa, hata kama si kwa maneno. Anashuka Mpanda kwa treni au basi, anafika Kakese na kukuta mpunga unangoja palizi, nguo za watoto zimelundikana, na mama mkwe amechoka. Siku za kwanza wageni huja na mayai na salamu. Baada ya majuma mawili kovu limefunga, anatembea wima, anacheka. Basi kila mtu husema, "Mama fulani sasa ni mzima." Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndani bado

Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kiitwacho diski, mfano wa ngata tunayoweka kichwani chini ya ndoo. Diski ikipasuka, kiini chake hutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka toka kiunoni mpaka mguuni. Wengi hupona bila kisu katika majuma au miezi michache. Anayepasuliwa mara nyingi ni yule ambaye maumivu yamekataa kuondoka, au mguu wake unapoteza nguvu. Daktari huondoa kipande kinachobana, lakini diski yenyewe hubaki na kidonda, nacho hupona polepole kwa kuwa damu haifiki huko vizuri. Wengine hufungwa pingili kwa vyuma na skrubu ili mifupa iungane. Hao wana safari ndefu zaidi: mifupa huweza kuchukua miezi 3 hadi 6, na mara nyingine mwaka mzima, kushikana.

Hata wale wanaoruka kwa mwavuli kwa starehe, kama wafanyavyo watalii kule Diani, pwani ya Kenya, wakipasuliwa mgongo hushauriwa wangoje miezi kadhaa kabla ya kuruka tena. Mwavuli ukifunguka humnyaka mtu kwa nguvu, na anapotua pigo hupanda uti wa mgongo. Pigo letu sisi ni dogo, ila ni la kila siku. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Tena kubeba kuna nafuu kuliko kujitwika, yaani kule kuinama, kunyanyua na kujipinda kwa pamoja, mambo matatu ambayo madaktari huyakataza kwanza.

Hesabu ya majuma

Aliyeondolewa kipande cha diski kwa kawaida husimamishwa atembee siku ileile au kesho yake, na kutembea kidogo kidogo kila siku ni sehemu ya matibabu. Lakini kwa majuma 6 hivi asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Kidumu cha lita 5 kisijazwe. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi, kwa hiyo mama akae kwanza, mtoto apande mwenyewe mapajani, mbeleko ingoje. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza, si chini. Anapoamka kitandani ageuke mwili mzima kama gogo, kisha ajisukume kwa mikono. Safari ndefu ya gari pia ni mzigo, kwa kuwa kukaa huubana mgongo. Kila basi linaposimama, ashuke atembee.

Majuma hayo yakipita bila maumivu mguuni, na daktari akiridhia, anaweza kuanza jembe la mpini mrefu kwa nusu saa katika bustani ya mboga. Kupandikiza mpunga, ambako mtu huinama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tungekuweka mwisho kabisa, baada ya miezi 3 na kwa ruhusa. Aliyefungwa vyuma angoje zaidi. Gunia la mpunga hatulitaji. Hata asiyepasuliwa halimhusu.

Na kama upasuaji si wa haraka, mama amwombe daktari tarehe ya baada ya mavuno. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Majuma ya kupumzika yakiangukia kiangazi, jaruba halitamwita.

Yako pia ya chumbani, ambayo wengi huona haya kuuliza. Mume na mke wanaweza kurudiana maumivu yakishapungua, mara nyingi baada ya majuma machache, mama akilala chali na mto chini ya magoti, au ubavu. Anayetaka kubeba mimba aongee na daktari mapema, hasa aliyefungwa vyuma.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Wanaogopa kuinama hata kuokota kijiko, wanalala mwaka mzima, na misuli inadhoofu mpaka mgongo unakosa wa kuushika. Mazoezi anayofundishwa mgonjwa hospitali, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au Bugando kule Mwanza, ayafanye nyumbani hata kama majirani watacheka.

Lakini majuma hayo 6 hayawezi kutunzwa na mgonjwa peke yake. Mume asikie maagizo kwa masikio yake, ikiwezekana mbele ya daktari, maana mke akiyasimulia huonekana anajitetea. Wanaume wanaobeba madumu kwa baiskeli ili wauze maji hawachekwi na mtu. Hatuoni kwa nini achekwe anayempelekea mkewe. Na sisi wa jumuiya, badala ya kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu na kumpikisha chai, tugawane zamu za maji na kuni mpaka daktari amruhusu.

Jambo moja lisingoje zamu wala asubuhi. Mama akishindwa kukojoa au kuuzuia mkojo au choo, akipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, apelekwe hospitali usiku uleule. Homa, au usaha kwenye kovu, navyo vimrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.