Je, Umeuona Mlima Unaokunywesha?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama makazi yako ni Dar es Salaam na nyumbani kwako kuna bomba, basi asubuhi ya leo umekwisha kuionja Uluguru kabla hujaonja chai. Maji uliyonawia uso, yaliyoinjikwa katika birika, na yaliyolowekewa maharage ya mchana, kwa sehemu kubwa yametoka Mto Ruvu. Na Mto Ruvu huanzia katika misitu ya milima ile ya samawati ambayo huiona kwa mbali, kupitia dirisha la basi, unapoikaribia Morogoro.

Wengi wetu tumeiona hivyo tu, kupitia dirishani. Basi husimama, tunanunua machungwa na mahindi ya kuchoma, kisha tunaendelea na safari ya Dodoma, Iringa au Mbeya. Mlima wenyewe tunawaachia wageni wenye mabegi mgongoni na kamera shingoni, kana kwamba kupanda mlima ni kazi ya watu waliotoka mbali.

Makala haya yanakualika ufanye jambo ambalo huenda hujalifanya: uchukue familia yako, uende Morogoro, uupande mlima huo kwa miguu. Matembezi hayo si anasa ya wenye nafasi. Msitu ule ni mali ya umma, kwa hiyo ni wako; na mtu asiyewahi kuikanyaga mali yake hawezi kujua inapopungua.

KIPUPWE NDIO WAKATI WAKE

Watu wa Ulaya na Marekani hungoja majira yao ya joto ndipo waende milimani. Miezi hiyo hiyo, Juni hadi Agosti, kwetu ni kipupwe, na kwa bahati njema ndio wakati wetu bora pia. Masika yamekwisha, udongo wa njia umekauka, na jua halichomi. Watoto huwa na likizo ya katikati ya mwaka. Kisha huja Sabasaba tarehe 7 Julai na Nanenane tarehe 8 Agosti, siku ambazo mfanyakazi hana haja ya kumpigia magoti msimamizi wake aombe ruhusa.

Safari nayo imefupika. Barabara ya kilomita zipatazo 190 kutoka Dar es Salaam ilikuwa, na bado huweza, kumla mtu nusu ya siku. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa hufika Morogoro kwa takriban saa mbili. Anayeondoka alfajiri aweza kutembea na kurudi kulala kwake. Lakini yafaa ulale Morogoro walau usiku mmoja, kwa maana mlima haupendi mtu mwenye haraka.

NJIA YENYEWE

Kwa familia yenye watoto wa shule, njia iliyo nyepesi ni ile ya kwenda Morningside. Unatoka mjini ukifuata barabara ipandayo kandokando ya Mto Morogoro. Katika hatua za mwanzo utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka, vikapu vya ndizi, mboga na matunda vikiwa kichwani, wakiwahi soko. Wamekwisha kutembea mwendo ambao wewe ndio kwanza unauanza, nao hawahemi. Wapishe njia, wasalimu. Na mtoto wako apewe nafasi ya kutoa shikamoo yake. Kama kuna ndizi za kuuzwa, nunua papo hapo.

Njia hupita katikati ya mashamba yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima: migomba, mihogo, mahindi, maharage. Unapopumzika na kugeuka nyuma, mji wa Morogoro unauona chini yako mzima mzima, mapaa yake yakimeta. Baada ya saa mbili au tatu, kwa kutegemea miguu ya mdogo kuliko wote, utafika kwenye nyumba kuukuu ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani. Hapo ndipo Morningside. Hapo ndipo pa kufungua kikapu.

Wenye nguvu zaidi huweza kuendelea kupanda kuelekea Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano. Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa mita 2,138, kinautazama mji kwa karibu zaidi, lakini ni safari ya kutwa nzima. Njia yake ni ya mteremko mkali wenye mizizi na utelezi, nayo haiwafai watoto wadogo. Mlima mrefu kuliko yote ya huko, Kimhandu, wenye zaidi ya mita 2,600, uko mbali zaidi upande wa kusini.

MSITU UNAVYOWEKA AKIBA

Juu ya mashamba huanza msitu. Hutahitaji kibao kukuonyesha mpaka, kwani ngozi yako itakuambia. Baridi huingia ghafla kana kwamba umefungua mlango wa chumba kingine. Miti mikubwa imefunikwa na mimea laini kama sufu, kangaga zimejaa chini, na kila kitu kimelowa hata kama mvua haijanyesha kwa wiki mbili. Mwonyeshe mwanao jambo hilo, umwulize: maji haya yametoka wapi?

Jibu lake ndilo somo la mlima huu. Pepo za Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi bara. Zinapokutana na Uluguru hulazimika kupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki una mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Hata pasipokuwa na mvua, ukungu hugusa majani na ile mimea ya sufu, ukadondoka tone kwa tone. Majani makavu yaliyooza chini hupokea matone hayo kama sifongo, yakayaachia polepole ardhini. Kwa hiyo vijito huendelea kutiririka mwezi wa Septemba, wakati nyasi za bondeni zimekwisha kuwa majivu. Msitu ni mweka akiba. Anapokea kwa wingi wakati wa masika, na anatoa kwa kiasi wakati wa dhiki.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mfululizo wa safu 13 zinazoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu yake ni ya kale sana, na imekaa mbalimbali kama visiwa, hata kila kimoja kikawa na viumbe vyake. Wako ndege wawili ambao duniani kote hawapatikani ila Uluguru: mmoja ni chozi aitwaye kwa jina la mtaalamu Loveridge, na mwingine ni ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano. Si lazima uwaone. Yatosha mtoto ajue kwamba wako hapo juu yake, na kwamba wakitoweka hapo wametoweka popote.

WENYEJI WA MLIMA

Lakini usije ukadhani kwamba unatembea katika bustani isiyo na wenyewe. Waluguru, ambao kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, wamelima miteremko hii kwa vizazi vingi. Kila mara serikali ilipotaka kuyalinda maji ya bondeni, mzigo uliwaangukia wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito na ya shuruti, na mara nyingi uchimbaji uliufukia udongo mzuri wa juu na kuuleta juu ule usio na rutuba. Mwaka 1955 hasira ililipuka kuwa ghasia, na mpango ule ukaachwa. Nusu karne baadaye, tangu mwaka 2006, jambo hilo hilo lilijaribiwa kwa njia nyingine katika eneo la Kibungo: wakulima waliojenga matuta na kupanda miti walilipwa, na miongoni mwa waliochangia malipo hayo ni shirika lililokuwa likiuza maji Dar es Salaam. Pima mwenyewe tofauti iliyopo. Tuta ni lile lile. Ila mara ya kwanza mkulima aliamrishwa, na mara ya pili alitambuliwa kuwa ni mtu anayewatendea wengine kazi.

Wewe nawe, unapopita shambani kwake na viatu vyako vya raba, ni mmoja wa hao wengine.

KINACHOTISHIA

Msitu wenyewe umewekwa chini ya ulinzi tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye hekta zipatazo 24,000. Hifadhi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwa niaba ya umma.

Hata hivyo ulinzi wa karatasi haukati kiu. Kati ya msitu wa kaskazini na ule wa kusini, karibu na Bunduki, uko mwanya ambao zamani ulikuwa msitu mtupu na baadaye ukafyekwa kwa kilimo. Kila kiangazi, moto unaowashwa ili kusafisha shamba huponyoka mkononi mwa mwashaji, ukapanda mteremko na kuula ukingo wa msitu. Unaoungua ndio ule sifongo.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Oktoba 2022. Mvua zilichelewa, maji ya Mto Ruvu yalipungua sana, na mgawo wa maji ukatangazwa jijini. Ndoo zilipanga foleni, na bei ya dumu la maji mitaani ikapanda. Ni kweli kwamba ukame hauletwi na shoka la mtu mmoja. Lakini mwaka wa ukame ndio mwaka ambao akiba huhitajiwa, na akiba hiyo iko mlimani.

KABLA HUJAONDOKA

Yafuatayo uyazingatie. Kwanza, uingiapo katika hifadhi pita ofisi ya misitu mjini Morogoro, ulipe kiingilio na upewe stakabadhi. Usilione hilo kuwa usumbufu, kwani ni mchango wako kwa mali yako. Pili, chukua kiongozi wa njia, hasa mkienda Lupanga au Bondwa. Ukungu hushuka kwa dakika chache na kuficha njia, na ujira unaompa kijana wa mlimani ni sababu moja zaidi ya yeye kuupenda msitu ukiwa umesimama.

Tatu, anzeni kupanda mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, na mgeuze kurudi ifikapo saa nane mchana, mmefika au hamjafika. Giza la msituni huwahi. Nne, kila mtu awe na viatu vyenye soli ya kushika, sweta, na maji yake mwenyewe. Kwa chakula, mihogo ya kuchemsha, mayai, chapati na chai katika chupa vyatosha kabisa. Tano, msiwashe moto wa aina yoyote, na anayevuta sigara aiache nyumbani. Sita, mlichopanda nacho mteremke nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi lile kapu la ukindu la bibi litafaa sana. Saba, msing'oe ua wala mche kwa ajili ya kupeleka nyumbani.

Na kama Morogoro iko mbali nawe, usijione umeachwa. Mkazi wa Tanga ana Amani na ana Magamba kule Lushoto, nayo ni misitu ya umma vilevile, yenye njia za miguu na wenyeji wanaozijua.

KIJITO

Kabla hamjageuka kurudi, tafuteni kijito kimoja. Havikosekani. Mwambie mtoto achutame, atie mkono majini. Atalalamika kwamba ni ya baridi mno, naye atautoa mkono upesi. Mweleze basi kwamba maji yanayotelemka huku yatapita mashambani, yatakutana na mito mingine hadi Ruvu, yatasukumwa katika mabomba makubwa, na siku moja yatatoka katika bomba la uani kwenu, hapo anapooshea miguu kabla ya kulala.

Haitakubidi kumwongezea hotuba. Siku nyingine akikuta bomba la jirani linachuruzika pasipo mtu, mtazame atakavyofanya. Na siku akisikia katika habari kwamba msitu wa Uluguru unaungua, hatauliza ni wapi huko. Atakuwa amekwisha kufika.