Mdogo Anayemvuta Mkubwa

Kitendawili!

Tega.

Wawili wamefungwa mnyororo mmoja. Mdogo yuko mbele, mkubwa yuko nyuma, na mdogo ndiye anayemvuta mkubwa kutwa nzima.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ujiji? Naupokea, pamoja na miembe yake yote. Jibu ni sproketi mbili za pikipiki na cheni yake. Sproketi ni lile gurudumu la chuma lenye meno. Ndogo imekaa ubavuni mwa injini, imefichwa na kifuniko, ndiyo maana wengi wenu hamjawahi kuiona. Kubwa iko wazi kwenye tairi la nyuma. Injini huizungusha ndogo, ndogo huivuta cheni, cheni huizungusha kubwa, na tairi hufuata.

Sasa sikilizeni hadithi. Palikuwa na vijana wawili wa bodaboda, walionunua pikipiki za aina moja, rangi moja, siku moja. Wa kwanza kijiwe chake kilikuwa Mwanga, mjini Kigoma, na abiria wake wengi walikuwa wa Ujiji: lami, mtu mmoja nyuma, labda na kapu la dagaa mapajani. Wa pili alipakia Mwandiga na kupanda Manyovu, kule mpakani na Burundi. Ni kilomita 60 hivi, nayo ni lami pia, ila ni lami inayopanda. Alipanda na abiria na gunia la dagaa, akashuka na mikungu ya ndizi.

Baada ya muda wote wawili wakakutana kwa fundi, kila mmoja na lake.

“Fundi, hii yangu imechoka mapema,” akasema wa Manyovu. “Nikipakia haipandi. Gia namba tatu inakata pumzi, narudi namba mbili, na hapo natambaa mpaka juu.”

“Yangu inavuta vizuri tu,” akasema wa Mwanga, “lakini barabara ikinyooka inapiga kelele bure. Mwendo hauongezeki, mafuta yanaisha.”

Fundi hakugusa kabureta wala plagi. Alichuchumaa, akafungua kifuniko cha mbele, akafuta grisi na kuanza kuhesabu meno. Zote mbili zilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma.

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo wa nyuma sogeeni. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Maana yake sproketi ndogo lazima izunguke mara tatu ndipo tairi la nyuma lizunguke mara moja. Je, hasara hiyo? Hapana, ni biashara. Unatoa mizunguko, unapewa nguvu. Tairi linazunguka polepole kuliko sproketi ndogo, lakini linasukuma kwa nguvu mara tatu. Na biashara hii haina nyongeza ya bure: ukitaka nguvu zaidi utalipa kwa mwendo, ukitaka mwendo utalipa kwa nguvu. Injini ni ileile. Anayewauzia sproketi na kuwaambia mtapata vyote viwili kwa pamoja anawauzia maneno.

Kwa kijana wa Mwanga, fundi aliitoa sproketi ndogo ya meno 14 akaweka ya 15. Gawanya 42 kwa 15, unapata 2.8. Kwa kijana wa Manyovu, mbele aliacha idadi ileile ya meno 14. Aliitoa kubwa ya meno 42 akaweka ya 45. Gawanya 45 kwa 14, unapata 3.2 na kidogo.

Mmoja ameongezewa jino moja, mwingine matatu. Nani amebadilishiwa zaidi? Wengi hujibu haraka kwamba ni mwenye matatu. Chukueni kalamu. Kutoka 14 kwenda 15 ni ongezeko la asilimia 7 na kidogo. Kutoka 42 kwenda 45 ni asilimia ileile 7 na kidogo. Wamesogea hatua sawasawa, mmoja kuelekea kwenye mwendo, mwingine kuelekea kwenye nguvu. Kwa kuwa sproketi kubwa ina meno mara tatu ya ndogo, jino moja la mbele lina uzito wa meno matatu ya nyuma. Ndiyo maana fundi mzuri haongezi wala hapunguzi meno mawili ya mbele kwa pupa.

Tupime kwa barabara. Tairi la nyuma la pikipiki hizi likizunguka mara moja husogea karibu mita 1.9, kwa hiyo kilomita moja huchukua mizunguko 526 hivi. Kabla ya fundi kuzigusa, sproketi ndogo ilizunguka mara 1,580 kwa kila kilomita. Sasa ya Mwanga inazunguka mara 1,470 na ya Manyovu mara 1,690. Pikipiki ndugu, rangi moja, na tofauti yao imefika mizunguko 220 kwa kilomita! Injini ya kwanza inapumzika barabarani. Ya pili inafanya kazi zaidi, lakini mlima inaupanda na gunia lake bila kurudi gia namba mbili kila kona.

Na wakibadilishana njia? Wa Mwanga akipeleka gunia Manyovu atajuta kwenye mlima wa kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua sproketi halihusu pikipiki hata kidogo: barabara yako ya kila siku ni ipi, na mgongoni unabeba nini? Mimi namwamini zaidi fundi anayeuliza hivyo kabla ya kutaja bei.

Wenye pikipiki za mashindano nao hufanya hesabu hiihii. Yamaha R6 nyingi, za cc 600, zilitoka kiwandani na meno 16 mbele na 45 nyuma. Wapo wanaopunguza moja mbele na kuongeza mawili nyuma, ikawa 15 kwa 47. Hapo msukumo unaongezeka kama asilimia 11: inatoka kwenye kona kama imechokozwa, na asiye makini tairi la mbele linamnyanyukia. Kwenye njia ya mashindano yenye sehemu ndefu zilizonyooka, mafundi huzirudisha sproketi upande wa mwendo. Kwenye yenye kona nyingi za karibu huzipeleka upande wa nguvu. Kuna jambo moja la kuchekesha. Pikipiki nyingi za namna hiyo husoma mwendo kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo ukibadili meno, kipima mwendo kinakudanganya. Bodaboda zetu nyingi huvuta waya wa kipima mwendo kutoka tairi la mbele, hivyo kipima mwendo chake hakijali umefanya nini huko nyuma.

Cheni yenyewe ina ukoo mrefu. Hii ya viungo vyenye roli ndogo zinazozunguka ni kazi ya Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana Manchester, Uingereza. Alipata hataza yake mwaka 1880, miaka 9 tu baada ya Stanley kumkuta Livingstone hapo Ujiji. Cheni za pikipiki ndogo nyingi zimeandikwa 428, na umbali kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Ukinunua sproketi, hakikisha ni ya namba hiyohiyo, maana meno ya 520 hayaikubali cheni ya 428 hata umbembeleze fundi.

Na nyinyi mnaochoshwa na KKS darasani, Kigawo Kikubwa cha Shirika, leo mtaipenda. Tuseme cheni ina viungo 120. Sproketi ndogo ikiwa na meno 15, kila jino litakutana na viungo 8 tu, vilevile, siku zote, kwa sababu 15 inaigawa 120 bila baki. Ikiwa na meno 14, KKS ya 14 na 120 ni 2, na kila jino litapita kwenye viungo 60. Ikiwa na 13, KKS ni 1, na kila jino litasalimiana na viungo vyote 120. Watengenezaji wa mitambo huipenda hali hiyo ya mwisho kwa sababu uchakavu unagawanyika. Fundi wa pikipiki hahangaiki nayo sana, na sproketi ndogo mno ina ubaya wake: inaikunja cheni kwa pembe kali, cheni inakwisha mapema.

Turudi gereji, tumwone fundi akiishughulikia pikipiki ya Manyovu. Kwanza alilegeza nati za sproketi ndogo cheni ikiwa bado imefungwa, kijana amekanyaga breki ya nyuma ili kitu kisizunguke. Mwenye kutoa cheni kwanza atahangaika na nati hizo mpaka jua lizame nyuma ya milima ya Kongo. Kisha akalegeza nati ya ekseli na vikaza cheni vya pande zote mbili, akatoa klipu inayoifunga cheni, akaivua. Meno ya sproketi ya Manyovu yalikuwa yamelala upande mmoja kama ndoano za wavuvi wa Kibirizi. Hapo hakubembeleza. Alidai seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyolala inaharibika upesi, na cheni iliyovutika huyala meno mapya. Kwa kuwa 45 ni kubwa kuliko 42, alichukua pia cheni ndefu kidogo, yenye viungo viwili zaidi. Cheni huongezwa kwa viwili viwili, cha ndani na cha nje.

Wakati wa kufunga, upande wa klipu uliozibika aliuelekeza kule cheni inakokwenda, ulio wazi ukabaki nyuma, usije ukakwama kwenye kitu na kufyatuka. Akaikaza cheni mpaka sehemu ya chini, katikati, ikachezacheza juu na chini kama sentimita 2 hadi 3. Akazungusha tairi kidogo, akapima tena, kisha tena. Ikikazwa kama uzi wa zeze inakula beringi. Ikilegea inaruka na kulikwamisha tairi la nyuma, na mtu anaanguka. Mwisho akatazama alama za ekseli kulia na kushoto kama zimelingana, kwa sababu tairi likikaa upande, sproketi mpya haimalizi msimu.

Kesho mkipita kijiweni, ombeni ruhusa kwa mwenye pikipiki mhesabu meno ya nyuma. Wekeni alama ya chaki kwenye jino la kwanza msipotee, kisha mumuulize kazi yake ni njia ipi, mwone kama meno na barabara vinaelewana. Lakini hesabuni injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Wako watu waliokatwa vidole wakifuta cheni kwa kitambaa huku injini inanguruma na gia imeingia: kitambaa kinavutwa, na mkono unakifuata. Kama inawaka, msiiguse.