Roketi: kuipandisha ni moto, kuirudisha ni akili

Tarehe 28 mwezi wa tatu 2009, huko Menkao, upande wa mashariki wa muji wa Kinshasa, roketi ya Wacongomani ilitoka chini kwa moshi na kelele kubwa. Jina lake lilikuwa Troposphère V. Injenia Jean-Patrice Keka na kampuni yake DTA walitaka ifike kilometre 36 juu. Ndani yake waliweka panya, ili kuona kama kiumbe chenye uhai kinaweza kuvumilia safari hiyo. Roketi ilipanda, lakini kisha muda mfupi iliacha njia yake. Haikufika pale ilipotumwa.

Mwaka uliotangulia, tarehe 10 mwezi wa saba 2008, ndugu yake Troposphère IV ilikuwa imepanda vizuri. Kwa hesabu za timu yenyewe, ilifika kilometre 15. Kwa hiyo moto walikuwa nao tayari. Na hapo ndipo swali linaanza, kwani watu wengi wanafikiri kwamba kazi yote ya roketi, ao fuzé namna wengi wetu tunaita, ni kupata baruti yenye nguvu. Wale wanaozirusha kila mwaka katika inchi zingine watakuambia kitu kingine: kuipandisha si mwisho wa kazi. Kazi ni kuifanya iende sawa, ijue wakati imefika juu kabisa, na ishuke polepole bila kuumiza mtu.

Tunazungumuzia roketi gani?

Si zile za vita, na si zile kubwa zinazobeba satelite. Ni roketi za watu wa kawaida: wanafunzi, walimu, mafundi, watu wa ofisi wanaofanya kazi hii siku za mapumziko. Mwili wake ni tuyo ya karatasi ngumu ao ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, pua yake ni ya plastiki, na mabawa madogo chini ni ya mbao nyepesi. Zingine zinalingana na mkono wa mtu, zingine zinapita urefu wa mlango wa nyumba.

Motere zake zinapangwa kwa alfabeti. Kila herufi inayofuata ina nguvu mara mbili ya ile iliyotangulia. A ni ya watoto wa shule. Kuanzia H, mtu anaingia katika kundi la roketi zenye nguvu kubwa. Ukihesabu, utaona kwamba motere ya herufi M inaweza kufikia nguvu ya maelfu ya zile za herufi A.

Wengine wamefika mbali sana. Tarehe 17 mwezi wa tano 2004, katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada huko Marekani, kundi la watu wasio wa serikali lilirusha roketi iliyofika kilometre karibu 116, ni kusema ilipita mpaka wa anga za juu. Mwaka 2019, tarehe 21 mwezi wa ine, wanafunzi wa chuo kikuu cha Southern California walifikisha yao kwenye kilometre karibu 103.

Ubongo ndani ya tuyo

Katikati ya roketi ya namna hiyo kuna kipande kifupi cha tuyo kinachofunikwa pande zote mbili. Ndani yake mna ordinatere ndogo inayoweza kutosha katika kiganja, batri, na kapteri inayopima presio ya hewa. Wengi wanainunua. Wengine wanaitengeneza wenyewe: wananunua kapteri ya bei ndogo, wanaiunganisha na ubao wa Arduino, wanaandika programu, wanachomelea nyaya kwa bati.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa kwa mtu wa Kivu. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko metre karibu 770 juu ya bahari. Hapo presio inazunguka hektopaskali 925. Bukavu, kwenye metre karibu 1500, inashuka karibu 845. Mtu anayepanda gari toka Uvira kwenda Bukavu anasikia masikio yanaziba, kisha yanafunguka. Masikio yake yanafanya kazi ya kapteri, lakini bila kuandika namba. Kapteri nzuri za leo, hata zile ndogo kuliko punje ya muhindi, zinaweza kutambua tofauti ya metre moja tu.

Ordinatere inasoma namba hiyo mara nyingi kila sekunde. Roketi ikiwa inapanda, presio inapunguka. Ikifika juu kabisa, inasimama kidogo, kisha presio inaanza kuongezeka tena. Ordinatere inajua hapo kwamba safari ya juu imeisha. Inatuma umeme kidogo kwenye baruti ndogo sana, tuyo inafunguka sehemu mbili, na parachuti ndogo inatoka.

Kwa nini ndogo? Chukua hesabu. Roketi iko metre 3000 juu, na upepo unaenda metre 8 kila sekunde. Kama parachuti kubwa inafunguka hapo hapo, roketi itashuka metre 6 kwa sekunde, na itakaa hewani sekunde 500. Upepo utaibeba kilometre 4. Itaanguka katika shamba la mtu, barabarani ao juu ya nyumba. Lakini ikishuka kwanza na parachuti ndogo, metre 25 kwa sekunde, na kubwa ikafunguka tu kwenye metre 200 za mwisho, upepo unaibeba kilometre moja na kidogo. Ndiyo sababu ordinatere ina maamuzi mawili ya kufanya, na yote mawili lazima yafike kwa wakati.

Hewa pia inadanganya

Kama ingekuwa rahisi hivyo, hakuna roketi ingeanguka. Lakini zinaanguka, na sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza ni mwendo. Roketi inapokaribia mwendo wa sauti, hewa inajikusanya na kupiga mawimbi kwenye mwili wake. Kapteri inayosoma kupitia matundu madogo ya tuyo inaweza kuona presio inaongezeka kwa gafula. Ordinatere isiyo na akili itasema: tumeanza kushuka, fungua parachuti. Katika mwendo huo, parachuti inapasuka na kamba inapasua tuyo kama kisu. Kwa hiyo anayeandika programu anaiambia isiamini presio katika sekunde za kwanza, ao anaongeza kapteri ya pili inayopima namna mwendo unavyobadilika, ili mbili hizo zisahihishane.

Ya pili ni batri. Motere inapowaka, kila kitu ndani kinasukumwa chini kwa nguvu kubwa. Batri ya gramu 50, roketi ikisukuma mara 15 ya uzito wa kawaida, inakuwa kama inabeba gramu 750. Ikiwa imefungwa vibaya inachomoka, ordinatere inazimika nusu ya sekunde, na inapowaka tena haijui iko wapi. Wazoefu wanafunga batri kwa nguvu, hawatumaini tu ile chemchemi ya plastiki.

Ya tatu ni kutumaini kifaa kimoja. Kwa roketi kubwa, watu wanaweka ordinatere mbili, kila moja na batri yake, nyaya zake na baruti yake. Moja ikikufa, ya pili inafanya kazi.

Chupa inayochukua nafasi ya mbingu

Kitu kinachopendeza katika kazi hii ni kwamba sehemu kubwa ya ubongo huo inapimwa chini, mezani, bila moto hata kidogo. Unachukua chupa yenye mfuniko unaofunga vizuri, unaweka ordinatere ndani. Pahali pa baruti unaweka taa ndogo mbili: moja ni ya parachuti ndogo, nyingine ni ya kubwa. Kisha unavuta hewa polepole kwa bomba la sindano kupitia kamrija. Presio ndani ya chupa inashuka, na ordinatere inaamini kwamba inapanda mbinguni. Unaacha hewa irudi polepole. Taa ya kwanza lazima iwake mara hewa inapoanza kurudi. Ya pili lazima ingoje mpaka karibu na mwisho.

Ikiwaka mapema, kuna kosa katika programu. Isipowaka, tafuta waya. Fundi wa telefone anayefungua simu kila siku pembeni ya soko tayari anajua nusu ya kazi hii: kupima umeme, kufuata njia ya waya, kuchomelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele bila kuunguza jirani yake.

Sheria zilitokana na vidonda

Mwaka 1957, Sputnik ya Wasoviet ilipozunguka dunia, vijana wengi Marekani walianza kuchanganya baruti katika nyumba za wazazi wao. Wengine walipoteza vidole, wengine macho, wengine maisha. Ni wakati huo ndipo G. Harry Stine na wenzake walianzisha chama cha NAR, wakifuata wazo la Orville Carlisle wa Nebraska: motere itengenezwe na kiwanda, mwili usiwe wa chuma, na moto uwashwe kwa umeme toka mbali.

Sheria hizo zinaendelea. Anayetaka kutumia motere ya H ao I lazima kwanza arushe roketi mbele ya mashahidi, na roketi irudi ikiwa nzima. Kwa J, K na L kuna mtihani wa kuandika. Kuanzia M, watu wenye uzoefu wanachunguza mipango yote mbele ya siku ya kurusha. Ndege zinaarifiwa. Upepo ukizidi, wote wanarudi nyumbani. Faida ya nidhamu hiyo ilionekana mwezi ule ule wa tatu 2009: siku chache mbele ya Troposphère V, tribinali ya Washington ilipatia haki vyama viwili vya roketi, NAR na Tripoli, juu ya serikali iliyokuwa imeandika mafuta ya motere zao kati ya vitu vya kulipuka.

Na huku kwetu?

Hapa lazima kusema wazi. Mashariki ya Congo, watu wanakimbia wakisikia mlio. Kitu kinachotoka shambani na moshi nyuma yake hakiwezi kuitwa mchezo. Anayekirusha anaweza kushikwa ao kupigwa risasi mbele ya kueleza chochote. Na hatari kubwa kuliko zote ni ile ya mtoto anayeokota bomu lisilolipuka akifikiri atapata baruti ya roketi yake. Mabaki ya vita si vifaa vya masomo. Usiyaguse, weka alama mbali nayo, ita viongozi.

Inchi yetu ilikwisha kujifunza namna roketi inavyoleta mashaka. Mwaka 1977 na 1978, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi tatu katika Shaba, ile iliyoitwa kisha Katanga, karibu na mto Luvua, kwa ruhusa ya Mobutu. Kampuni ilisema ni kwa ajili ya satelite. Wasoviet na majirani walisema ni silaha. Mwaka 1979 Zaïre iliwaambia wafunge. Mradi uliofanyika mbali na macho ya watu ulikosa mtu wa kuutetea.

Je, kijana wa Goma, Bunia, Butembo ao Kalemie aache ndoto hiyo? Hapana. Aanzie upande mwingine. Asianze na moto, aanze na ubongo. Kapteri ya presio, ubao mdogo, batri ya telefone na chupa: hivyo haviogopeshi mtu, na ndani yake mna fizikia, hesabu, programu na uvumilivu. Shule inaweza kuifanya kuwa kazi ya darasa. Wanafunzi wabebe kifaa hicho toka pembeni ya ziwa mpaka kwenye kilima, waandike namba, walinganishe na karta. Kifaa kile kile kinaweza kupima hewa ya mvua inayokuja ao kimo cha barabara. Siku moja, katika uwanja unaojulikana, na ruhusa ya serikali mkononi na watu wa ndege wakiwa wamearifiwa, kitapanda.

Siku hiyo, anayetaka kujua kama kijana ni fundi kweli asimuulize tu roketi yake ilifika wapi. Amuulize: ilirudi namna gani?