Kengele ya Freretown Yasikika Kinakomba

Juzi nilikuwa kwetu Kinakomba, kando ya Mto Tana, kwa shauri la posa. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa ameposa katika nyumba moja ya mji mwingine. Jibu lilikuja bila kuzungushwa: kijana hana kasoro, anaswali, ana kazi; lakini asili yake si yao. Babu wa babu yake, wakasema, alikuwa mtumwa.

Tukakaa chini ya mwembe, kila mtu na lake moyoni. Pamoja nasi alikuwapo mjomba wetu kutoka Ngao, mzee wa kanisa. Sisi Wapokomo wa juu wengi wetu ni Waislamu. Wenzetu wa chini wengi ni Wakristo, tangu misheni ya Neukirchen ya Ujerumani ilipofika Ngao mwaka 1887. Mimi niliona haya mbele yake, nikidhani atatucheka.

"Msione haya, wanangu," akasema. "Hata kwetu yalikuwapo."

Akatutajia Freretown, pale Mombasa panapoitwa Kengeleni. Misheni ya Kiingereza ya CMS iliuanzisha mji ule mwaka 1875 ili watumwa waliokombolewa wapate makao. Lakini haikupita miaka mingi, msimamizi wa Kizungu akawa anawachapa viboko watu hao hao, hata misheni ikalazimika kuchunguza na kumwondoa.

Kisha akatupa habari za William Jones. Alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimtawaza shemasi, wakafuatana safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha wasafiri waliosalia mpaka Rabai, Februari 1886. Juu ya hayo yote, misheni iliendelea kumpima kwa rangi yake. Katika miaka ya 1890 akawakabili wakubwa wake waziwazi juu ya mshahara na heshima ya Mwafrika kanisani, mwisho akaacha kazi yao.

"Kanisa halikupona siku ile," mjomba akasema. "Lakini ugonjwa ulitajwa kwa jina lake, na aliyeutaja ni mtu wa ndani."

Maneno hayo yalinichoma. Ndugu msomaji, sisi tunaijua Sura Al-Hujurat, kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumcha zaidi. Habari za Bilal tunawasimulia watoto chuoni. Lakini ikifika posa, tunaanza kuchimba makaburi ya mababu. Nyani haoni kundule.

Najua watatutajia kufu, na kweli wanazuoni wamelizungumza sana neno hilo. Lakini Fatima binti Qais alikuwa Mkureshi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshauri aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa. Bibi yule kwanza hakupenda. Kisha akakubali, akaona kheri nyingi katika ndoa ile.

Basi tumepatana. Ijumaa baada ya swala tutarudi kwenye nyumba ile pamoja na sheikh, tuliulize jambo hili mbele ya watu. Huenda tukakataliwa tena. Lakini safari hii anayekataa atataja sababu yake mbele ya msikiti mzima, na kijana wetu atakuwapo, ameketi safu ya mbele.